Kikombe cha Mayenga

Shemeji yangu Mayenga alikuwa mvuvi aliyeogopa maji. Alitoka Usukumani akiwa kijana, akaenda ziwani, kisiwa cha Goziba, kuvua. Huko mtumbwi wao ulipinduka, wenzake wakazama, yeye akaokolewa akiwa amekumbatia dumu. Alipokanyaga nchi kavu akaapa kwamba maji atakayoyaingia tena ni ya beseni. Ndipo akaja kwetu, vijiji vya Maruku, na kazi aliyoizoea tangu kwenye pamba ya baba yake: kubeba bomba mgongoni na kunyunyizia dawa ya wadudu. Kwao ilikuwa pamba, kwetu ikawa mibuni.

Alikuwa mcheshi. Kihaya chake kilituvunja mbavu, naye alipojua hivyo akawa anakosea makusudi. Akamuoa Eufrazia, dada wa mume wangu. Mama mkwe wangu, Verdiana, hakufurahi.

"Mtu wa visiwani," alisema. "Huko amelala na nani, nani anajua?"

Miaka ile hilo halikuwa neno dogo. Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, na kifo kingine kikawa kimeingia majumbani. Hukukosa kuona udongo mbichi wa kaburi katikati ya migomba ya jirani. Ugonjwa wenyewe, ambao leo ni UKIMWI, tuliuita silimu, au hatukuuita kabisa.

Kazi ya Mayenga niliiona vizuri kwa sababu alinyunyizia na shamba letu. Dawa aliipimia kikombe cha bati cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Alikoroga kwa mkono mtupu. Ile ncha ya shaba inayorusha dawa, nozeli, ikiziba, aliichomoa, akaitia mdomoni, akavuta, akatema, akairudisha. Bomba lilivuja, shati likamlowa na kumkaukia mgongoni.

Siku moja nikamwambia, "Shemeji, hiyo si sumu?"

"Sumu ya wadudu," alinijibu akicheka. "Hebu nihesabu miguu. Mimi mdudu?"

Baadaye mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi, na mate yalimjaa mdomoni mpaka anayafuta kwa kiganja. Alitapika, akaharisha, mashavu yakaingia ndani. Watu wakaacha kumwita mashambani. Wakipishana naye walimpa njia yote. Hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo Eufrazia akamleta nyumbani kwa mama yake, tulikokaa mimi na mume wangu Rugambwa na binti yetu Alistidia, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Mama mkwe alimpokea, siwezi kumsingizia. Alimtengea mkeka wake, sahani yake, kijiko chake. Kikombe ndicho kilichomsumbua, maana vyetu vilikuwa vichache, na ambacho kingemgusa yule mgonjwa kisingerudi kwenye vingine. Akatazama huku na huku, akakiona kile cha buluu kimening'inia kwenye bomba.

"Hiki ni chake tangu zamani," alisema. "Hakuna atakayekosea."

Mayenga akajiinua kwa kiwiko. "Mama, hicho ni cha dawa ya mibuni."

"Nitakisugua kwa majivu."

"Hata kwa majivu, mama."

"Sasa unataka kipi? Cha mtoto?"

Mayenga alimtazama Alistidia, akapokea uji.

Ikawa hivyo. Siku akipata nafuu anajikokota kunyunyizia mibuni ya nyumbani, maana hakutaka kuitwa mla bure. Anapimia kikombe kile, Eufrazia anakisugua, jioni anakinywea uji. Kopo la dawa lilikaa uvunguni mwa kitanda, katika chumba tulichowekea maharage. Asubuhi moja nilimkuta mtoto amelikumbatia, nikamnyakua. Mama mkwe aliniona kutoka mlangoni.

"Vizuri, Mama Alistidia," alisema. "Asiusogelee mkeka wa yule."

Mkeka ulikuwa kule upande wa pili. Kopo nililifunga kamba, nikalipandisha darini.

Siku ya chanjo ya mtoto nilikwenda Bukoba mjini pamoja na Eufrazia na mumewe. Hospitalini tulimpata muuguzi mmoja, Bi Zabibu, mwenye ushungi mweupe. Huyo ndiye mtu wa kwanza kumuuliza Mayenga kazi yake. Alimwangalia machoni kwa tochi, akainusa kola ya shati lake. Wakamtoa damu. Tuliporudi kusikia majibu alituita wote watatu.

"Ugonjwa unaouogopa huna," alisema. "Ulio nao unaubeba mgongoni. Acha bomba kabisa. Tupa kila chombo kilichogusa dawa, oga kwa sabuni, nguo zako zifuliwe peke yake. Ukirudia, mwanangu, sitakuona tena hapa."

Njia nzima Mayenga aliongea. Aliwaamkia watu asiowajua kwa kile Kihaya chake kilichopinda, nao wakacheka. Nilikuwa sijamsikia hivyo kwa muda mrefu. Alifika uani akapaza sauti kabla hajavua viatu.

"Mama, sina!"

"Huna nini?"

"Ule ugonjwa! Wamepima!"

Rugambwa alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe. Hakuinua macho. "Hata jirani yetu Muhidini aliambiwa ni malaria. Tumemzika."

"Hospitali wanaficha, waitu, mwenzetu," alisema mama mkwe kwa huruma. "Wakisema kweli, mtu anajinyonga."

"Mama, nilikuwepo," nikasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Ni dawa ya mibuni inayomuua. Na hicho kikombe."

"Ulisikia walichotaka usikie," alinijibu mama mkwe.

Akamimina uji katika kikombe cha buluu. Nikaleta changu, nikamwekea Mayenga mbele. Mama mkwe alikichukua akakitupa kule kwenye migomba. "Una mtoto anayenyonya!"

"Acha, shemeji," Mayenga aliniambia taratibu. "Msigombane kwa ajili yangu." Uji wenyewe hakuunywa. Alilala na njaa.

Kulipokucha Rugambwa alimfuata mkekani. Wadudu walikuwa wameivamia mibuni.

"Shemeji, si umesema u mzima? Mzima hulala? Chukua bomba basi, tukuone."

Eufrazia alilia, akamshika mumewe mkono. Nami nikamwambia, "Usiende. Bi Zabibu alisemaje?"

Alinitazama kama mtu anayeomba radhi. "Nikikaa, ndiyo kusema ninao. Nikienda, labda wataamini."

Akavaa lile shati. Nilimwona akiingia kati ya mibuni, akijaribu kunyoosha mgongo kwa sababu watu wa njiani walikuwa wamesimama kumtazama. Hata nusu ya shamba hakufika. Tulimkuta chini, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Rugambwa na majirani walimfunga kwenye machela. Barabara ya lami ilikuwa bado mbali alipokata roho.

"Si tulisema?" walinong'ona msibani. "Mtu wa visiwani."

Tulipomaliza kuzika, mama mkwe alikusanya mkeka, sahani, kijiko, kitana, hata viatu, akavitia moto nyuma ya nyumba. Kikombe nilikuwa nimeshakitumbukiza chooni. Eufrazia alikaa ameegemea ukuta, kanga kichwani. Bomba lilibaki. Nikauliza kwa nini halichomwi na vingine.

"Bomba ni la shaba," alinijibu mama mkwe. "Shaba haishiki ugonjwa. Na mibuni je?"

Rugambwa alilivaa wiki hiyohiyo. Nilikuwa uani namnyonyesha Alistidia nilipomwona amesimama kati ya mibuni, analigonga bomba, halitoi. Akachomoa nozeli, akaipangusa kwenye suruali.

"Baba Alistidia!" niliita. "Baba Alistidia, usi—"

Akageuka kunisikiliza. Nozeli ilikuwa imeshaingia mdomoni.