Shangazi alidhani ni usaha

Sauti ya bandeji kavu ikibanduka kwenye kidonda cha Mama, bado naisikia.

Mimi ndiye niliyeivuta.

Wiki nzima nimempaka jeli kutoka duka jipya la dawa Majengo. Inatunza unyevu na kuachia dawa taratibu. Nyama mpya ilishaanza kuota.

Leo narudi, Shangazi ameikwangua yote.

“Usaha ulijaa, mwanangu! Nimeosha kwa chumvi nikafunga bandeji kavu, sasa kimekauka vizuri.”

Jamani, ile ndiyo dawa yenyewe. Ikinyonya maji ya kidonda huvimba, inakuwa nyeupe.

Bandeji ikatoka na ile nyama mpya. Mama akasema tu, “Polepole, mama.”

Sikulia. Nikapaka upya.

Nyie mngemwambia nini Shangazi?

Nabaki hapa nyumbani Mshangano, nimuuguze Mama mwenyewe. Kiti changu cha basi la kesho kwenda chuoni nimeshamwachia jirani.