Vituo Kumi na Viwili vya Mama Yongzo

"Mama Yongzo, ng'ombe huna, kuni zimejaa ukuta mzima. Kila siku mlimani unatafuta nini, au una mchumba?" Jirani yetu Dingba alimuuliza hivyo mbele ya watu, tukivuna shayiri.

Mama mkwe wangu akamjibu, "Ninaye. Ana pembe, na ananukia kukushinda."

Tulicheka. Lakini mimi ninayeishi naye nilijua hatulii. Chai ya siagi humpoea mkononi. Nikiwawekea mababu chakula kwenye jiwe la mekoni, sijamaliza kuomba, yeye ameshafunga mshipi, anatoka.

Yalianza kwenye mazishi ya dada yake. Kwetu Wapumi, huku milimani China, marehemu hupewa kondoo wa kumwongoza hadi kwa mababu, na mtaja njia humtajia kondoo huyo vituo vyote, kijito kwa kijito. Kondoo akijitikisa, safari imekubaliwa. Mtaja njia wetu, mzee Gerong, alikuwa ameshafariki, tukamwita wa ng'ambo ya mto. Naye ni Mpumi kama sisi, ila lugha ya kwao ina mwendo wake, na njia aliyoitaja ni ya ukoo wao. Kondoo akamwagiwa maji ili ajitikise, akasimama kama gogo. Tukangoja, watu wakaanza kutazamana. Ndipo mama mkwe akapiga magoti, akamnong'oneza vituo vyetu kwa lugha yetu. Alivijua saba tu. Kondoo akajitikisa.

Toka hapo ni mahangaiko. Je, dada yake amekwamia kituo cha saba? Na yeye mwenyewe akifa, atasindikizwa na nani? Wanangu wako mjini, hata kusalimia ni kwa Kichina. Basi hupanda kwenye vibanda vya wafugaji akawaulize wazee waliobaki. Mara hupewa jina la kituo, mara hupewa jibini tu. Mimi nilijaribu kuyaandika. Herufi za Kichina nilizofundishwa shuleni hazikuishika sauti yetu, nikaichana karatasi. Sasa nayakariri nikikamua mbuzi.

Jana alirudi amelowa, ana cha kumi na mbili. Vingine, alisema, Mungu anavijua. Kisha akanishika mkono nikiwa bado na ndoo.

"Nikifa, mwanangu, usianze kulia. Kaa karibu na sikio la kondoo, umtajie vituo vyote kumi na viwili polepole, na umwambie tumpitie dada yangu pale cha saba."