Mpishi Aliyeulizwa Mwisho

Juzi kwa kinyozi wa Bondeni watu walikuwa wakibishana juu ya ile senema kuukuu ya mpelelezi. Muuza nguo mmoja alisema sauti inakwaruza na maneno ni mengi mno. Mpishi wa nyumba ya Mzungu, povu shavuni, akaushika mkono wa kinyozi.

"Uwongo mtupu! Tajiri ameuawa, na mpelelezi awahoji wageni wote kabla ya kumgusa mpishi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Pete ya memsahibu ilipopotea, mimi sikuulizwa hata neno. Nililala korokoroni mpaka alipoiona ndani ya glavu yake."

"Wakakutaka radhi?" akauliza kinyozi.

"Waliniuliza chakula ki wapi."

Senema ingali yaonyeshwa. Anayetaka kuiona haki na akakate tikiti.