Kisigino na Wembe wa Shangazi

Asubuhi ile nilishuka kitandani, nikaweka mguu wa kulia chini, nikapiga kelele. Ilikuwa kama nimekanyaga msumari. Nikageuza unyayo: hakuna jeraha, hakuna uvimbe. Baada ya hatua chache maumivu yalipungua, nikachechemea hadi shuleni, hapa Lobule, ninakofundisha darasa la pili. Nilipokaa kusahihisha madaftari kisha nikainuka, kisigino kikachoma upya.

Wiki ya tatu alikuja shangazi yangu, mjane wa mwanajeshi, ndiye aliyenilea. Alibeba wembe mpya na unga mweusi wa mizizi.

"Hii si ugonjwa ya Mungu," alisema. "Mutu alizika kitu kwa mlango yako. Nani anapita hapa kila siku?"

Nilijua anamlenga nani. Jirani yangu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa akikatiza uani kwangu kwenda kuteka maji. Yeye na shangazi walikuwa wamegombana juu ya mbuzi aliyekula mihogo iliyoanikwa.

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Kitu iko. Leta mguu, nichanje."

Nikauweka mguu juu ya paja lake. Naona haya kusema, lakini nilikuwa nimeanza kuamini. Siku mbili kabla, jirani alikuwa ameniuliza mguu unaendeleaje, na sasa hata upole ule ulinitia shaka.

Wembe ulikuwa umegusa ngozi jirani alipotokea na dumu lake la maji. Shangazi akainuka.

"Wewe! Toa ile kitu ulizika!"

Jirani akatua dumu taratibu.

"Mama, mimi nilizika watoto wawili njiani, tukikimbia vita. Hapa sijazika kitu."

Nikauvuta mguu wangu. Shangazi akaufunga wembe, akaondoka bila kuniaga.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaenda hospitali mjini Arua. Mtaalamu wa viungo alibonyeza upande wa ndani wa kisigino, nikaruka.

"Hatua za kwanza asubuhi ndizo zinazouma zaidi?"

"Ndiyo."

"Siku nzima unasimama wapi?"

"Darasani, kwenye simenti."

"Na haya?" Aliinua malapa yangu, yaliyolika hadi kuwa kama karatasi.

Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna ukano mpana unaotoka kisiginoni hadi vidoleni, na wangu ulikuwa umechoka kwa kuvutwa. Kabla ya kushuka kitandani nivute vidole kuelekea kwangu. Niegemee ukuta na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Jioni nibingirishe chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Ninunue viatu vyenye kisigino laini.

"Kuchanja?" niliuliza.

"Utajitia vidonda tu, mwalimu. Vumilia, ni kazi ya miezi."

Ilikuwa kazi ya miezi kweli. Kuna asubuhi nilikata tamaa, hasa mvua ilipoanza, lakini siku moja nilifika mlangoni ndipo nikagundua sijachechemea.

Kwa jirani nilikuwa nimeshakwenda kuomba radhi, siku ileile niliyotoka Arua. Alinipa kiti na chai. "Nimesikia, mwalimu," alisema, hakuongeza zaidi. Tunasalimiana vizuri. Ila maji yake siku hizi huyapitishia barabarani, njia ndefu, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia apite kwangu.