Kibuyu cha Mwamvita

Sisemi uongo: Mwamvita wa Chemchem nilimwonea kijicho. Tulipakana ukuta. Alikuwa Mmanyema, babu yake alifika Tabora na msafara akitokea Ujiji. Nyuma ya nyumba alipanda mimumunye ya kutambaa, akakausha vibuyu na kuviuza, vya maziwa na vya asali. Mume alimwacha kwa sababu hakuzaa. Mimi nilikuwa na mume, na mtoto.

Mwanangu Katarina alipofushwa na surua hajatimiza mwaka. Alikuwa na miaka minne mwaka ule alipotawazwa malkia wa Waingereza, na baba yake, Alois, mfanyakazi wa reli, akamnunulia mwanasesere wa dukani mwenye macho ya buluu yanayofumba na kufumbua. Mtaa mzima ulikuja kumtazama. Katarina alimnusa, akamtupa mvunguni.

Wiki haikuisha, Mwamvita akamletea kibuyu kidogo kilichozibwa kwa nta, ndani mna kitu kinachakarisha. Basi! Mtoto akala nacho, akalala nacho, akakitikisa hata kanisani mpaka padri akakatiza mahubiri. Asubuhi akiamka haniiti mimi, anapapasa kibuyu. Roho iliniuma sana. Wahenga wamesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa huyu asiyezaa alijua nini? Nikajiambia, ananiibia mtoto huku nikitazama.

Siku moja Katarina amelala mchana, nikakitwaa kibuyu nikakipiga kwenye kinu. Kikapasuka. Ukamwagika mtama, konzi mbili hivi.

Mtoto akaamka, akapapasa, asikione. Akalia kilio ambacho sijapata kukisikia. Nami nilikuwa nimeinama nazoa, maana mtama ni chakula, hautupwi hata ukiwa na hasira. Nikauweka kwenye ungo pamoja na vipande vya kibuyu, nikaketi kizingitini nikaanza kuupeta.

Kilio kikakatika. Katarina akaja akishika ukuta, akaweka viganja vyote viwili juu ya ungo, akacheka.

"Mama," akasema.

Mwamvita alikuwa amesimama uani, kilio kimemleta. Aliviona vipande. Nikangoja matusi.

"Mama Katarina," alisema taratibu, "siku alipokuwa uani kwangu nilimjazia vitano achague. Cha kokoto akakitupa. Cha maharage, cha mahindi, cha mchanga, vyote akavitupa. Hiki cha mtama akakitia sikioni, akageuza uso kwenye nyumba yenu. Si unapeta kila asubuhi? Hukujua?"

Sikujua. Nilimpa kigoda, nikamwomba radhi mbele ya mtoto. Jioni ile ile alileta kibuyu kingine, tukakijaza mtama ule ule.

Mnadhani wivu uliisha? Thubutu. Mpaka leo unanichoma. Mlio wa mikono yangu ulikuwa masikioni mwa mwanangu miaka minne, na aliyeutambua kwanza ni Mwamvita.