Springi za Gari la Mzee Shiundu

Nikinusa mafuta ya taa, hata kwa jirani anayewasha jiko asubuhi, mikono ya mama yangu hunijia akilini kabla ya uso wake. Kwa miaka mitatu mama alikuwa mwosha vyuma kwenye gereji ya jua kali kule Kawangware. Mafundi walifungua, yeye akaosha. Karai, brashi, mafuta ya taa, kutwa nzima. Kumbe huku akiosha alikuwa akiiba ufundi kwa macho, na jioni tukirudi nyumbani Gatwekera kwa miguu ananieleza difu na breki hadi masikio yanachoka.

Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi, nilimpelekea githeri ya mchana nikakuta fundi mmoja hajafika. Mzee Shiundu, mteja, alikuwa ameleta gari lake la kupita matope, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nyuma lilikuwa limeketi chini kama kuku anayeatamia. Kesho yake alikuwa anasafiri nalo kwenda Kakamega, watu na mifuko ya saruji ndani, na springi mbili mpya za nyuma alikuwa amezibeba mwenyewe.

Kamau, mwenye gereji, akamgeukia mama.

"Mama Mwende, si husema unajua? Haya, funga. Ukiharibu, unarudi kwa karai, na hii story ya ufundi nisiisikie tena."

Jamani, mngemwona! Kwanza aliziosha zile springi zikang'aa, maana kwake chuma kichafu hakifungwi kokote. Akaweka mawe mbele ya magurudumu na nyuma yake, akainua gari kwa jeki, akalikalisha kwenye stendi. Akatoa magurudumu ya nyuma, akafungua shokomzoba, akashusha ekseli polepole huku akichungulia paipu ya breki isivutike. Springi kuukuu zikatoka bila kulazimishwa. Mpya zikaingia, kila ncha ikakaa mahali pake. Mafundi walioacha kazi zao waje kucheka walisahau kucheka. Mimi kifua kilinijaa, nikajifanya ninatazama sufuria yangu.

Gari liliposhuka, nyuma ilisimama wima. Mzee akaingia, akawasha. Kamau akatikisa kichwa, akasema, "Mathe, umepita." Nikapiga makofi.

Lakini mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, anapima kwa shubiri kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia, kushoto, tena kulia. Akasimama.

"Mzee, zima gari. Nimekosea."

"Kwani nini? Si liko sawa tu!" Mzee akashangaa.

"Limelala upande vidole viwili, na ukilipakia watu hivi litayumba kwenye kona. Springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazilingani urefu, zilikuwa na alama za rangi. Nimeziosha zikatoka, halafu nikazibadilisha pande."

Mkono wake uliozoea kuosha ndio uliomponza. Na hakuna mwingine aliyekuwa ameona! Wanaume walilipuka. "Ai, si tulisema!" "Rudi kwa karai, mathe!" Kamau aliingia ofisini. Mama aliinua gari upya, akafungua kila nati aliyokuwa ameikaza, akabadilisha pande, akafunga. Akapima. Shubiri zikalingana. Ndipo akanawa mikono akala githeri yake, baridi.

Jumatatu alirudi kwenye karai. Nililia, yeye akasema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, Mwende. Kula."

Baada ya wiki tatu Mzee Shiundu alirudi, safari hii kwa springi za mbele. Kamau akamwita fundi wake mkuu. Mzee akakataa.

"Nataka yule mama aliyenizimisha gari. Nilipanda milima na watu wangu saba nyuma, nikiwa na amani. Hao wengine sijui wananificha nini."

Tangu siku ile karai lilitafutiwa mtu mwingine.

Watu humsifu mama kwa ufundi, nami nakubali. Ila kuna jambo sijawahi kumwambia. Alipokuwa akipima kwa shubiri, niliuona uso wake ukibadilika, nikajua kuna shida. Nikafumba macho nikamwomba Mungu amzuie asiseme. Wale watu saba sikuwafikiria kabisa. Yeye alikuwa tayari anawahesabu.