Reli ya Juu ya Tembe

Matonya alikuwa mtu mzima mwenye mke, mtoto na ng'ombe kumi na mmoja, na bado alikuwa akichezea gari la moshi. Ndivyo walivyosema majirani zake wa Kizota, tena bila kuficha. Mwenyewe neno hilo lilimuudhi. Akiulizwa anafanya nini kule juu ya tembe yake kila jioni, alijibu kwamba anafanya kazi, akashuka amenuna, na kesho yake akapanda tena.

Paa la tembe ni bapa, la udongo, na watu hulitumia kuanikia uwele na mtama. Nusu ya paa la Matonya ilikuwa ya nafaka ya mkewe Loisi. Nusu iliyobaki ilikuwa reli. Ilianzia stesheni ya Dodoma, ikapita kati ya vilima vya udongo, ikavuka korongo juu ya daraja lenye nguzo tano, ikaishia ukingoni mwa paa, mahali walipopaita Bahi. Nguzo za simu zilikuwa miiba ya nungunungu, na nyaya zake singa za mkia wa ng'ombe. Tangi la maji lilikuwa kibuyu kilichokatwa nusu. Mabehewa yalichongwa kwa mti, magurudumu yakizunguka sawasawa, na yote yalipakwa rangi nyekundu ileile ya mabehewa ya kweli.

Mambo yalianza kwa ng'ombe wa udongo. Kila mtoto wa Kigogo huwafinyanga akiwa machungani, na Matonya aliwafinyanga wazuri kuliko wenzake. Alipokuwa kijana, jumbe alimkamata pamoja na wengine wakapelekwa kujenga reli ya Wajerumani. Miezi tisa alibeba mawe kwenye daraja la korongo, upande wa kwenda Bahi. Alipigwa, aliugua, aliapa kwamba akitoka hapo hatatazama chuma tena maishani mwake. Kisha gari la kwanza likapita juu ya daraja na daraja halikuanguka, naye akasimama chini ya nguzo akilia kwa furaha, jambo ambalo hakuweza kulieleza hata kwa mama yake. Juma lile lile alifinyanga behewa la udongo, akawapakia ng'ombe wake.

Behewa hilo ndilo aliloliona Athuman, seremala wa stesheni, Mrangi aliyetoka Kondoa. Athuman alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia Mgogo apewe rungu achonge, mambo ya mabehewa awaachie wanaojua. Kesho yake akaja na behewa la mti mfukoni, na masalio ya rangi nyekundu yaliyoganda chini ya kopo. Tangu siku hiyo walikuwa wawili juu ya paa, wakitaniana, wakinuniana kwa sababu ya kimo cha kilima au upana wa mlango wa behewa, na Loisi akawa anapika chakula cha watu wanne.

Walikuwa na sheria moja. Kilichoko relini lazima kiwe juu ya tembe. Stesheni ikiongezwa kibanda, nao huongeza kibanda. Mwembe wa msimamizi ukikatwa, nao huukata wa kwao. Ndiyo maana Matonya alipomsimulia Athuman siri ya nguzo ya tatu, Athuman hakumwonea huruma. Siri yenyewe ni kwamba wakati wa ujenzi saruji ilipunguka na msimamizi alikuwa na haraka, basi nguzo ya tatu ikajengwa kwa mawe nje, ndani ikajazwa kifusi. Vibarua waliambiwa wafunge midomo, na wengi wao walikwisha rudi makwao. Athuman alisema basi na nguzo yao ndogo ibomolewe, ijazwe kifusi. Waliibomoa, wakaijaza. Kifusi kikanywa rangi, na nguzo ya tatu ikabaki na doa lililofifia ambalo hakuna aliyejua maana yake isipokuwa wao wawili.

Vita vilipokuja sheria ile iliendelea. Hapo ndipo ninapowaona wapumbavu, nami nasema hivyo nikiwa nawapenda. Mwanzoni mwa mwaka 1916 mabehewa manane yaliwekwa kwenye njia ya pembeni nyuma ya stesheni, yamefunikwa turubai, na askari wakiyalinda. Watu wenye akili walipita wakitazama chini. Matonya, ambaye siku hizo alikuwa kibarua wa kupanga kokoto relini, aliyahesabu. Jioni walichonga mabehewa manane, wakayafunika vipande vya kanga kuukuu ya Loisi. Mzinga mmoja ulipochungulia chini ya turubai, walikata unyasi wakauchungulisha vilevile.

Mwezi wa tatu Athuman akaomba ruhusa kwenda Kondoa kumwona mama yake mgonjwa. Mwezi wa nne Waingereza wakaiteka Kondoa, na Athuman akawa upande wa pili wa vita. Matonya alimkumbuka sana. Lakini haikumpitikia akilini kwamba rafiki aliye Kondoa sasa ni hatari, wala kwamba paa lake lina kitu cha kumtia mtu kitanzini.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukivuma, askari watatu walikuja kuchukua nafaka. Jeshi lilikuwa na njaa na kila tembe ilikuwa ikipekuliwa. Ombasha wao, yaani kiongozi wa wale watatu, alikuwa Mnyamwezi aliyeitwa Msafiri, mtu mpole kwa kadiri askari anavyoweza kuwa mpole. Alipanda ngazi kutazama uwele ulioanikwa. Matonya alisimama chini akisikiliza viatu vikitembea upande wa nafaka. Kisha viatu vikavuka upande wa pili, vikasimama.

Vilisimama muda mrefu. Hapo ndipo Matonya alipoelewa. Aliyaona mabehewa manane na ule unyasi kwa macho ya mtu mwingine, kwa mara ya kwanza, na damu ikamwisha mwilini. Alishika ukuta. Alifikiria kukimbia, akamwona binti yake Ruthu mlangoni, akajua hawezi.

Ombasha alishuka. Akamwacha askari mmoja chini ya ngazi, mwingine akamtuma boma. Matonya akamwambia kwamba ni mchezo tu, Ombasha, mchezo wa udongo. Kumbe alikuwa tayari kulisema hata lile neno alilolichukia. Ombasha Msafiri akamjibu taratibu, "Mimi nimeona mzinga, ndugu yangu. Nisiposema, akaja mwingine akauona, nanyongwa mimi."

Ofisa aliyekuja kutoka boma alikuwa Mjerumani mwembamba, amepanda nyumbu, na Kiswahili chake kilikuwa kikavu lakini safi. Alipanda juu ya paa, akaagiza Matonya apandishwe. Akachuchumaa. Alitazama stesheni, akagusa tangi la kibuyu kwa kidole, akahesabu mabehewa kwa midomo. Alipofunua kipande cha kanga na kuuona unyasi, alikirudisha vizuri mahali pake, na huko kukirudisha kwa upole kulimtisha Matonya kuliko ambavyo kiboko kingemtisha.

Aliuliza nani amemwagiza kuhesabu. Matonya alisema hakuna. Aliuliza amejenga na nani. Hapa Matonya angeweza kusema amejenga peke yake. Alitaka kusema hivyo. Kinywa chake kikasema Athuman, seremala wa stesheni, na alipoulizwa Athuman yuko wapi, kikasema Kondoa. Kule uani Loisi aliyesikia yote alianza kusali sala za wamisheni wa Mvumi, harakaharaka, bila kuvuta pumzi.

Ofisa hakukasirika. Alihamia kwenye daraja. Akainamia nguzo moja baada ya nyingine, kisha kidole chake kikatua kwenye lile doa.

"Kwa nini hii ina rangi nyingine?"

Ofisa alisubiri. Upepo ulipeperusha makapi ya uwele yakawapita miguuni, na Matonya akafikiria ule mti wa karibu na boma, na mtu aliyeonekana akining'inia pale mwezi uliopita, viatu vyake vikiwa vimevuliwa. Alifikiria jinsi Ruthu atakavyopitishwa pale.

"Ndani ni kifusi, Bwana," alisema. "Na ile ya kweli, ndani ni kifusi. Mimi nilikuwepo."

Ofisa akatoa kijitabu, akaandika.

Walimpeleka boma, akalala huko bila kupata usingizi. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemwambia lolote, na hilo ndilo lililomtesa, kwa maana kila mlango ulipolia alijua ni zamu yake. Kulipopambazuka walimtoa, wakamtembeza kufuata reli kuelekea Bahi. Mbele yake walikwenda wapagazi sita wenye masanduku. Matonya alijua wanampeleka mbali ili wampige risasi mahali ambapo mkewe hatasikia. Alitembea akihesabu mataruma ya reli, kwa sababu akiacha kuhesabu miguu ilikataa.

Walifika korongoni. Daraja lilisimama na nguzo zake tano, na chini yake mchanga mkavu wa kiangazi. Ofisa akamshusha mpaka kwenye nguzo ya tatu.

"Kifusi kinaanzia wapi?"

Masanduku yalikuwa yamefunguliwa, na ndani yake mlikuwa na baruti. Matonya akaelewa kwamba hawakumleta auawe yeye. Waingereza walikuwa njiani, Wajerumani wanaondoka, na hawataki kuacha njia nyuma yao. Kwa nguzo za mawe matupu baruti ile isingetosha. Ungeweza kusema moyo wake ulitulia, na kweli ulitulia, na aibu ya huko kutulia ilimkaa mpaka uzeeni. Mawe yale aliyabeba begani. Lile la kona ya chini lilimponda kidole cha mguu, akalijua kama mtu amjuavyo jirani. Aliweka kiganja juu ya ukuta, kimo cha kifua chake, akasema, "Hapa, Bwana."

Wakamwambia aende zake. Alipanda ukingo, akatembea, kisha akakimbia. Alikuwa karibu na mibuyu ya njia panda aliposikia mlio. Ardhi ilitikisika, mbuzi wakatawanyika. Hakugeuka nyuma.

Nyumbani Loisi alimpokea kwa kumshika uso kwa mikono miwili, akimtazama kuhakikisha kwamba ni yeye. Akamwambia apande sasa hivi avunje yale madude yote, ayatie motoni, asiyaone tena. Matonya akapanda. Lakini Loisi alipomfuata baada ya kitambo alimkuta amepiga magoti mbele ya daraja. Alikuwa amevunja nguzo ya tatu tu. Alivimwaga vifusi korongoni, akalilaza daraja vipande viwili, kimoja kikiegemea mchangani, kama alivyodhani lile la kweli limelala.

"Baba Ruthu, mabehewa je?"

"Mabehewa bado yako stesheni," alisema. "Wakiyaondoa nitayaondoa."

Loisi akashuka, akakaa siku mbili bila kumsemesha.

Waingereza waliingia mwisho wa mwezi ule. Baada ya siku chache Athuman akatokea, amekonda, amevaa koti la jeshi lisilomwenea, kwani Waingereza walikuwa wamemchukua awatengenezee madaraja. Matonya alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hofu iliyoshinda ile ya boma. Mtu wa pili aliyejua siri ya nguzo ya tatu alikuwa huyu.

Waliamkiana. Utani haukuja. Athuman akapanda moja kwa moja juu ya paa, akatazama daraja lililovunjika, akaokota kipande cha kifusi, akakisaga kwa vidole.

"Nimetoka kuiona ile ya kweli," alisema. "Imepasukia kwenye kifusi kabisa. Nani kawaonyesha?"

"Mimi," alisema Matonya. "Niliogopa, Athuman. Hata jina lako nililitaja."

Athuman akakaa ukingoni mwa paa, mgongo umemwelekea mwenzake. Macho yake yalikwenda kwenye njia ya pembeni, kwenye mabehewa manane yaliyofunikwa kanga, yakabaki huko.

"Kule Kondoa," alisema mwishowe, "walinikalisha kwenye kiti mbele ya Mzungu mwenye bastola mezani. Wakaniuliza Dodoma kuna nini. Nikafumba macho, nikaliona paa hili, nikawasomea. Mabehewa manane. Mzinga. Tangi liko wapi. Yote." Akavuta pumzi. "Sikuwafikiria ninyi mnaokaa kando ya reli. Niliogopa tu."

Matonya alitazama upande wa stesheni, ambako kabla Waingereza hawajaingia ndege yao ilipita juu na kuangusha kitu kilichoua punda wawili na mwanamke aliyekuwa akiteka maji. Alimjua yule mwanamke. Alitaka kuuliza kama ni kwa sababu ya maneno yale ya Kondoa, na akaona kwamba akiuliza, itabidi na yeye aulizwe. Loisi alileta ugali na mlenda, akaweka katikati yao, nao wakala bila kutazamana.

Walipomaliza, Athuman alinawa, akajipangusa kwenye lile koti. Alisema kesho Waingereza wataanza kupanga magogo mahali pa nguzo ya tatu, ili gari lipite hata kwa kutambaa.

"Magogo mangapi?" aliuliza Matonya, akilitazama daraja lao dogo.

Athuman alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Alisita sana kabla ya kumjibu, na alipojibu alishusha sauti, akamtajia hesabu yake sikioni.